Chumba cha Kuchezea

Mtoto akisema hapana, kwetu alipelekwa kucheza. Kilikuwapo chumba pembeni ya kile cha sindano, kimepakwa rangi ya njano, kina matofali ya plastiki, farasi wa kubembea na mwanasesere mwenye jicho moja. Mtoto akishachangamka, anarudishwa kwenye kiti na kuulizwa upya: unakubali kuchanjwa? Wengi walikubali raundi ya pili. Sisi tukaandika kwamba mtoto ameridhia.

Chanjo yenyewe sina ugomvi nayo. Nalisema hili mapema, maana wapo watu ambao wakisikia kisa hiki hunipa mkono wakidhani nimejiunga nao. Nilikuwa muuguzi katika utafiti ule. Nilikwisha kuwafunika shuka watoto waliouawa na ugonjwa tuliokuwa tukiupiga vita, na niliitaka chanjo ile kuliko wengi. Lakini ilikuwa bado inajaribiwa, na kanuni ilikuwa wazi: mzazi akubali, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye akubali kwa hiari yake. Asipotaka, anarudi nyumbani. Kanuni haikumtaja farasi wa kubembea.

Daktari mkuu tulimpa jina la Bado Kidogo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu mtu mbaya unajua pa kumshikia. Ukimwambia mtoto amekataa, alitabasamu tu.

"Bado kidogo, dada. Ameogopa sindano huyo. Mwache acheze."

Siku ninayoisema, kamati ya maadili ilikuja kutukagua. Mwenyekiti wake, mama mtu mzima mwenye sauti laini, aliketishwa karibu na feni, akaletewa chai. Na siku hiyohiyo mdogo wangu akamleta binti yake. Nilikuwa nimemsihi asubiri, kwa upole na kwa ukali, lakini hakunisikia. Watoto wa utafiti walitibiwa na madaktari wetu bila kupanga foleni, na homa zilikuwa zimemganda yule mtoto.

"Wewe uko ndani humo, halafu mwanangu akae nje?" aliniambia. "Dada, una roho gani?"

Ndugu hakuruhusiwa kumuuliza ndugu, kwa hiyo mtoto aliulizwa na muuguzi mwenzangu. Akasema hapana. Akapelekwa kucheza, akarudishwa, akasema hapana tena. Akapelekwa tena. Hapo Bado Kidogo akanifuata kwenye sinki nilipokuwa nikinawa mikono.

"Kamuulize wewe. Wewe anakupenda."

"Kanuni inakataza, daktari."

"Mara moja tu. Si mama yake mwenyewe anataka?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, amenikazia macho. Nikaingia chumba cha njano. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, amempakata yule mwanasesere. Nilichuchumaa mbele yake, na kabla sijafungua kinywa akaniuliza, bila kulia, bila hata kuninyanyulia uso:

"Mama Mkubwa, nikisema hapana tena, mtaniuliza tena?"

Nilimkasirikia Bado Kidogo, nikamkasirikia mdogo wangu, nikakikasirikia na kile chumba na rangi yake ya kuchekesha watoto. Nikamwambia ameshajibu, inatosha. Nikamshika mkono, mwanasesere naye akiwa kwapani mwake, tukapita sindano, tukapita mama yake, mpaka mbele ya feni.

"Mama mwenyekiti," nilisema, "huyu amekataa mara mbili, na nimetumwa nikamuulize ya tatu. Ndivyo tunavyowafanya wote."

Aliweka kikombe chini. "Ahsante, muuguzi. Umegusa jambo la msingi kabisa. Tutalijadili kikaoni."

"Kuna mwingine yuko kwenye kiti sasa hivi, mama."

"Kikaoni," alirudia, kwa ulaini uleule.

Kikao kilikaa. Kikakaa tena. Mimi nilipewa onyo, si kwa maneno yangu, la hasha, maneno yangu yalisifiwa. Nilipewa onyo kwa kutoka na mwanasesere, mali ya utafiti. Nikahamishiwa stoo. Mdogo wangu alininunia muda mrefu, na kila mara mtoto wake alipopandwa na homa alinitumia salamu kupitia kwa mama yetu kwamba bado wako kwenye foleni. Salamu hizo nilizisikia mpaka mifupani.

Utafiti ulipokwisha ndipo mwongozo mpya ulipotoka: mtoto aulizwe mara moja tu. Tuliitwa semina, tukagawiwa kofia. Aliyetufafanulia mwongozo huo alikuwa Bado Kidogo, na alieleza vizuri, kwa mifano. Nikapiga makofi, ningefanyaje? Waliokwisha kuzungushwa kati ya kiti na farasi hakuna aliyewataja.

Chanjo ilifaulu, nashukuru. Juzi yule binti, sasa mama wa mtu, alimpeleka mwanawe akachanjwa chanjo ileile, kisha wakapita kwangu na bibi wa mtoto, yaani mdogo wangu. Tuliongea mengi. Mwishowe nikamuuliza lile ambalo siku ile hakuna aliyemuuliza, hata mimi: kwa nini alikataa?

Alifikiri. "Sikumbuki sindano, Mama Mkubwa. Namkumbuka mwanasesere. Niliona wanaokubali hawarudishwi kucheza."

Mdogo wangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Unasikia, dada? Stoo yote ile, kumbe mwanasesere!"

"Ilikuwa hapana yake," nikasema. Sikucheka.

Binti naye hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe aliyelala mapajani, plasta ndogo ikiwa mkononi.

"Hivi yule mwanasesere aliishia wapi? Nilikuwa nimetoka naye."

"Nilimrudisha kesho yake asubuhi," nikamjibu. "Walikuwa wakimtafuta. Kuna mtoto alikuwa amekataa."