Milango Inayotazamana

Mafuriko yalipobomoa nyumba za mtaa wa bondeni, seremala alibaki na mke wake, mama mkwe wake, na sanduku la vifaa alilokuwa ameliacha kazini siku hiyo. Wapo waliobaki na pungufu ya hapo, kwa hiyo hakulalamika. Walipewa kona ya darasa katika shule iliyokuwa juu ya kilima, wakapanga madawati yawe ukuta kati yao na familia ya pili, wakaanza kuishi.

Udogo wa kona hiyo haukumsumbua kama ukimya wa mama mkwe.

Mama huyu alikuwa muuza mitumba, na sauti yake ilitangulia kufika sokoni kabla yake. Zamani seremala akienda kazini alikuwa akizunguka njia ya nyuma ili asipite mlangoni kwake. Ukisimama tu kumwamkia, umekwisha: utapewa ndoa ya huyu, ugonjwa wa yule na bei ya mashati, mpaka uchelewe kazini. Sasa wanalala chumba kimoja, na kila asubuhi mambo ni yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi. Anakunja shuka lake, anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anautazama ubao.

"Mama anaumwa?" seremala alimuuliza mke wake wakiwa bombani.

"Haumwi. Shoga yake kaondoka."

Seremala alimkumbuka shoga huyo, mama mnene wa nyumba ya ng'ambo ya kichochoro. Kwa miaka yote wale wawili walifungua milango wakati mmoja, wakafagia huku wanaongea, mmoja huku mwingine kule. Baada ya mafuriko kijana wa yule mama alikuja kumchukua, akampeleka mji wa mbali.

"Si wampigie simu waongee?"

"Nimempigia mimi mwenyewe, nikampa mama simu. Akasema pole, akasema Mungu ni mwema, akanirudishia."

Wiki hiyo kazi ya nyumba za muda ilianza, maana shule ilitakiwa ifunguliwe. Uwanja wa zamani wa kuegesha malori ulisawazishwa, mbao na plaiwudi zikashushwa, na seremala akaajiriwa pamoja na mafundi wengine. Vyumba vingejengwa kwa safu: fremu ya mbao, kuta za plaiwudi, mabati juu, sakafu ya saruji. Msimamizi wao alikuwa mwanadada wa kofia pana, mtu wa maneno machache na hatua ndefu.

Safu ya kwanza ilipokwisha, msaidizi wa seremala akashikwa na homa. Watu wote wenye nguvu walikuwa wamekwisha kuajiriwa, na yeye alihitaji mtu wa kumshikia uzi na mbao.

"Mchukue mama," mke wake akasema.

"Nimchukue mama mkwe akanishikie mbao? Watu watasema nini?"

"Waseme. Afadhali hiyo kuliko kutazama ubao usioandikwa kitu."

Kwa hiyo mama mkwe akaenda, kajifunga khanga kiunoni, kavaa viatu vya mvua vya mkwewe. Alishika uzi alipoambiwa ashike, akaachia alipoambiwa aachie. Asubuhi nzima hakutoa neno. Ni baada ya mafundi kunywa chai ndipo alipouliza:

"Safu hii mlango unakaa wapi?"

"Upande ule, mama. Kama wa safu ya kwanza."

"Zote zinatazama upande mmoja?"

"Zote."

"Kwa hiyo aliye safu ya kwanza akifungua mlango asubuhi, anaona nini?"

Seremala akasimama, msumari mdomoni. Akatazama safu iliyokwisha, akatazama nguzo za safu ya pili, akautoa msumari.

"Mgongo wa nyumba ya mbele."

"Plaiwudi."

"Ndiyo, mama. Plaiwudi."

Mama akauviringisha uzi kwenye kijiti chake polepole. "Mwanangu ananiambia niongee na shoga yangu kwenye simu. Kwenye simu mtu unamwambia ya maana. U mzima? Mzima. Watoto? Hawajambo. Sasa yale yasiyo na maana, baba, nitamwambia nani?"

Seremala alipigilia misumari mitatu minne, akaweka nyundo chini, akamfuata msimamizi.

"Dada, safu ya pili naomba niigeuze. Milango itazamane na ya safu ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Watu waonane."

Msimamizi akafungua ramani juu ya rundo la mabati. "Mbao zitaongezeka?"

"Hata moja. Fremu ni ile ile, nabadilisha upande tu."

"Tatizo si mbao, ni mfereji. Nimeupitisha hapa katikati. Milango ikitazamana, mtu akitoka tu anatumbukia." Akatafuna kifuniko cha kalamu. Aliwatazama mafundi, akamtazama mama mwenye viatu vikubwa aliyesimama peke yake na uzi mkononi. "Mfereji uhamie nyuma. Utatupa kazi ya siku nzima zaidi. Utachimba?"

"Nitachimba."

"Basi geuza. Wakubwa wakiuliza, nimegeuza mimi."

Seremala aliporudi na habari hizo, mama mkwe alisema "Haya" tu, akaenda kushika ncha ya ubao. Lakini haikupita muda:

"Mkwe wangu, huo msumari umelala."

"Haujalala, mama."

"Umelala unakoroma. Ung'oe."

Aliung'oa, na ulikuwa umepinda kweli. Mafundi walicheka. Hapo bomba likafunguka. Mpaka jioni walikuwa wamesikia ndoa ya fundi bati wao wenyewe ilivyotaka kuvunjika, na fundi bati alikiri kwamba mengine hata yeye hakuyajua. Seremala kichwa kilimuuma, naye hata hakutamani mama anyamaze.

Siku ya kuhamia, vyumba viligawiwa kwa kura. Wao waliangukia safu ya kwanza. Kwa vipande vilivyobaki seremala aliweka kizuizi katikati ya chumba, na mama akachagua upande wa mlango. Ng'ambo aliingia dereva mstaafu wa malori, mjane, mtu wa kununa, aliyeweka godoro lake ndani akafunga mlango saa hiyo hiyo.

"Mama wa watu kapatikana," mke wa seremala alinong'ona. "Hatampata huyo."

Kesho yake asubuhi mama alifagia mbele ya mlango wao, akavuka, akafagia mbele ya mlango wa pili. Dereva akachungulia.

"Nani kakutuma?"

"Hujambo, baba? Godoro lako hulianiki? Litaota ukungu. Chai unakunywa?"

"Sinywi chai."

Akamletea kikombe, akakiweka kizingitini, akarudi kwake. Seremala na mke wake walikuwa wamejibana nyuma ya pazia, hawapumui. Dereva alikitazama kile kikombe kwa muda, akainama, akaonja.

"Mama!" akaita. "Hii haina sukari."

"Umesema hunywi, sasa sukari ningeweka ya nani?"

Mke wa seremala aliangua kicheko mpaka machozi, na machozi hayo yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Seremala alimshika bega, akangoja. Kisha akachukua sanduku lake la vifaa na kutoka, maana safu ya tatu ilikuwa bado haijaezekwa.