Kiatu Kilichokataa Kuvuliwa

Tangu kiharusi kimpige, mkono wa kuume wa Hubert ulining'inia tu kama kitu cha mtu mwingine. Miaka ishirini na miwili aliendesha boti la mizigo kati ya Isangi na Kisangani. Sasa kila asubuhi alinyoosha miguu ili mkewe Angélique amfunge kamba za viatu. Angélique alifunga haraka, akikaza mno, huku akipiga soga na jirani dirishani. Hakuna kilichomuudhi Hubert kuliko hicho.

Ndipo Katungu, mama kutoka Butembo aliyeuza viatu katika mtaa wa Makiso mjini Kisangani, akamwonyesha jozi isiyo na fundo. Mahali pa kamba palikuwa na waya mwembamba, na juu yake kidude cha duara, mfano wa kifuniko cha chupa.

"Papa, unazungusha hivi, inakaza. Unavuta juu, inaachia. Mukono moja tu."

Hubert alijaribu kwa mkono wa kushoto. Ikakaza. Akavuta, ikaachia. Akarudia mara tatu, akicheka peke yake. Akavinunua, akaondoka navyo miguuni, akakataa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, akatembea kwenye matope mpaka nyumbani.

Alipofika, kiatu cha kushoto kilitoka vizuri. Cha kulia kikagoma. Alivuta kidude, hakikuinuka. Alikizungusha, kikazidi kukaza.

"Leta nikusaidie," Angélique alisema.

"Acha! Walisema mukono moja, itakuwa mukono moja."

Alihangaika karibu saa nzima, jasho likimtiririka. Mguu wa kulia nao ulikuwa na ganzi tangu ugonjwa ule, kwa hiyo hakuhisi kitu. Ni Angélique aliyeona kifundo cha mguu kimevimba juu ya kiatu.

"Papa Déborah, mguu inavimba na wewe hata hausikie!" alifoka, akimwita kwa jina la binti yao.

Hakungoja jibu. Alileta koleo, akakata waya. Hubert alikitupa kiatu ukutani, kisha akalia kwa hasira, na kule kulia kukamkasirisha zaidi.

Kesho yake Katungu alikitazama kiatu, akatikisa kichwa. "Muchanga iliingia ndani, papa. Hii kitu haipende matope."

"Kisangani yote ni matope! Ungeniambia mbele!"

Katungu aliomba radhi, akampa vibano viwili vidogo vya springi. Kamba za kawaida zinapita ndani yake: ukibonyeza, zinateleza, ukiachia, zinashikwa. Hubert akavipeleka nyumbani, akagundua kwamba mkono mmoja unabonyeza na mwingine unavuta kamba. Mwingine upi? Alivitupa chini ya kitanda, na kwa siku tatu hakutaka kusikia habari za viatu.

Jumapili alikuwa na zamu ya kusoma somo kanisani. Alivitoa vibano chini ya kitanda. Alipitisha kamba za kiatu chake cha zamani ndani ya kibano, akafunga ncha zake kitanzi kwa meno na mkono wa kushoto, akavaa kiatu, akatundika kitanzi kwenye pembe ya kitanda. Akabonyeza kibano, kisha akarudisha mguu nyuma polepole. Kamba ikateleza, ikakaza. Akaachia. Ikalegea! Akarudia mara nne mpaka iliposhika, kisha akaanza mguu wa pili.

Angélique alisimama mlangoni amevaa liputa yake mpya ya kitenge, akiuma midomo.

"Papa Déborah, kengele ililia."

"Najua!"

Walipofika kanisani, Wenceslas, msomaji mwenzake, alikuwa tayari mimbarini. Alisoma kwa kukwama, akaruka mstari mzima. Hubert alikaa benchi la nyuma akisaga meno. Kiatu cha kushoto kilimbana. Aliinama, akabonyeza kibano, mguu ukapumua. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Jumapili ijayo naanza kuvaa saa kumi na moja alfajiri," alimnong'oneza mkewe, bado amenuna.

"Anza wewe," Angélique alijibu. "Miye nitakuwa nalala."