Hotuba Nyuma ya Kabati

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, binti alimkuta mama yake amekwisha kukunja godoro na kulifunga kwa vipande vya shuka kuukuu. Barua ya shirika lenye nyumba za kiwanda ilisema nyumba namba kumi na saba ikabidhiwe kabla ya saa sita mchana, tupu na imefagiliwa. Vyumba vitatu, jiko na ua. Mama alikuwa anahamia chumba kimoja, hatua nne kwa tano, nyuma ya karakana ya kuchomea vyuma.

Alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzake walimwita Mashine Nane, kwa sababu alisimamia mashine nane peke yake wakati kanuni ilisema nne. Kelele za zile nne za ziada zilimla masikio. Kama wafumaji wote, alijifunza kusoma midomo. Na kama watoto wote wa wafumaji, binti yake alijifunza kunung'unika akiwa amempa mgongo.

Walitoa viti, meza, masufuria. Mwisho wakasukuma kabati la nguo. Nyuma yake alikuwa amesimama Mkurugenzi wa kiwanda, uso ukutani, mtu wa miaka arobaini hivi, suti ya kijivu imelaliwa na vumbi mabegani, utando wa buibui umemfunga sikio. Alikuwa anahutubia.

"Nyumba hizi ni zenu," alikuwa akisema. "Atakayekitumikia kiwanda miaka ishirini, nyumba ni yake na ya watoto wake. Naahidi mbele ya umati huu."

"Kumbe bado yupo," binti akasema.

"Aende wapi?" mama akajibu.

Alikuwa pale tangu siku ya kukabidhiwa funguo. Siku hiyo Mkurugenzi alihutubia, akapigiwa makofi, akapanda gari akaenda zake. Ahadi yake ikabaki, moja kila nyumba, ina sura yake na suti yake. Majirani wengi walizitupa za kwao mwaka ule kiwanda kilipopunguza watu. Marehemu baba alikataa. Alisema ahadi ya mtu mzima haitupwi kama maganda. Wakaielekeza ukutani ili mama asilazimike kuisoma, wakasogeza kabati, na baba akawa analala ameziba masikio kwa pamba ya kiwanda mpaka alipokufa.

Mkurugenzi mwenyewe yu hai, kanenepa. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya shirika inayouza nyumba zilezile. Namba kumi na saba kauziwa shemeji yake.

Mkaguzi wa shirika alifika saa nne na fomu yenye safu mbili: Mali ya Shirika, Mali ya Mpangaji. Vya shirika vinabaki, vya mpangaji vinaondoka. Alihesabu vitasa, bomba, balbu. Chumbani akasimama.

"Huyu hayumo kwenye fomu."

"Msikilize kwanza," binti akamwambia.

Mkaguzi alivua kofia akaisikiliza hotuba yote, kwa adabu, maana sauti ilikuwa ya bosi wake.

"Ni yeye," akakubali. "Hata hicho kikohozi ni chake."

"Basi mama habanduki hapa. Miaka thelathini na mmoja! Ishirini imetimia na nyingine imemwagika."

"Dada yangu, twende polepole. Ahadi alipewa nani?"

"Mama."

"Haya. Basi ahadi ni mali ya mpangaji." Akaandika. "Nyumba ni mali ya shirika. Cha kwenu chukueni. Mkiniachia humu ndani, nitaandika mmechafua nyumba."

Mama, aliyekuwa anamsoma mkaguzi midomo muda wote, alimgusa mkono.

"Nimeyaona maneno yako, mwanangu. Ila andika vizuri. Andika: ahadi, moja, nzima, haijatumika."

Mkaguzi akaandika hivyohivyo, akampa kalamu, mama akatia sahihi.

Mwenye mkokoteni alitazama mzigo akatikisa kichwa. Safari ni moja, na nafasi imebaki ya kitu kimoja: kabati au huyu bwana.

"Mama, huyu tumpeleke jalalani," binti akasema. "Kabati alikununulia baba."

"Kabati litatoa ushahidi gani?"

"Kwa nani, mama? Umeandika barua ngapi?"

"Kumi na moja. Ya kumi na mbili nitaipeleka mwenyewe kwa kamati, nikiwa naye."

Kabati likabaki kwa jirani. Mkurugenzi akalazwa chali juu ya godoro, akafungwa kamba kifuani, mkokoteni ukaondoka, naye akiwaahidi mawingu vyumba vitatu, jiko na ua. Penye njia panda wastaafu wawili walisimama wakapiga makofi. Mazoea yana taabu.

Mwenye chumba, fundi wa kuchomea, alitoka karakana na miwani yake myeusi paji la usoni.

"Bibi, tulipatana mtu mmoja. Huyu naye nani?"

"Hii ndiyo nyumba yangu," mama akasema.

Fundi akaizunguka nyumba ya mama mara moja, akaifuta vumbi begani.

"Mzee wangu naye aliachiwa ahadi moja," akasema. "Yake ilikuwa ya barabara. Angalieni isiloe, bibi. Ikiloa inaanza kukana."

Chumba kilivuja pembe zote isipokuwa moja, ile ya karibu na mlango. Binti alitaka kitanda kikae hapo. Mama alikataa. Wakamsimamisha Mkurugenzi mahali pakavu, uso kwa watu, na kitanda kikaingia palipobaki, ndoo ikiwa upande wa mto. Saa kumi mvua ilianza. Mama akalala kiubavu, akainua miguu yake kukwepa tone, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaisoma hotuba yote, tangu mwanzo.