Orodha ya Waliogoma

Mgomo ulipoanza, Mwalimu Benoît Kanyamibwa alichaguliwa kuwa delege, msemaji wa walimu, kwa sababu mbili: alikuwa na sauti kubwa, na hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Yeye aliamini kuna sababu ya tatu, akili zake, lakini hiyo hakuna aliyeitaja.

Shule yao ilikuwa mlimani, juu ya mji mdogo wa Bweremana. Kati ya walimu saba, watatu hawakuwahi kuona mshahara wa serikali tangu waajiriwe. Madai yalikuwa ya haki, hata wazazi walikubali. Tatizo lilikuwa delege.

Benoît aliogopa wenzake wasije wakatoroka, huyu kwenda kwenye viazi vyake, yule kufundisha kwa siri nyumbani kwa watu. Basi akaweka sheria: kila asubuhi saa moja na nusu, mgomaji afike shuleni, asaini, akae barazani mpaka saa sita. Akachukua daftari, akapiga mistari kwa rula, majina kwa wino mwekundu, tarehe kwa wa bluu. Juu akaandika jina la shule na mwezi. Miaka kumi na tisa ya kuita majina darasani ilikuwa imemwingia mkononi. Kuandika neno "mgomo" hakukumjia hata mara moja. Kila Ijumaa alituma nakala ofisi ya elimu, ili wakubwa watetemeke.

Wiki sita, hakuna aliyekosa hata siku moja. Benoît alijisifu njia nzima mpaka nyumbani, ambako hakukuwa tena na mtu wa kumsikiliza.

Kisha direkta Sebarenzi, mkuu wa shule, akarudi kutoka ofisi ya elimu kwa pikipiki, tope mpaka magotini, barua mkononi.

"Ofisi inatupongeza," alisema.

"Juu ya nini?" aliuliza Mama Thacienne, mwalimu wa darasa la pili.

"Walimu wote walikuwa ku kazi kila siku. Liste iko na saini. Shule zenye ziligoma, watoto wa sixième wataongezewa wakati mbele ya egzamen. Sisi hatukugoma. Egzamen yetu iko kisha siku kumi na mbili."

Thacienne akaanza kucheka, cheko baya.

"Papa Délégué! Weye njo ulituamusha na mvua, tukuye kusaini kama tunafanya kazi!"

"Maharage yangu yaliozea mu shamba," alisema mwingine.

"Nitaandika barua ya kueleza," Benoît alisema.

"Utapiga mistari na rula tena?" aliuliza Thacienne.

Darasa hilo la sixième, la sita, lilikuwa la Valérie, mke wa Benoît. Alifariki baada ya Noeli, na direkta akampa Benoît watoto wake. Alikuwa amewafundisha siku tisa tu, akisoma kwenye daftari la marehemu la maandalizi bila kuinua uso. Mgomo ulipopigiwa kura, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka. Watu walisema ni ujasiri. Aliwaacha waseme.

Nishimwe, msichana kiongozi wa darasa hilo, aliyekuwa amekuja kusikia habari, alisimama mbele ya baraza.

"Mwalimu, ni kweli siku kumi na mbili?"

"Njo vile."

"Lakini hesabu ya sehemu hatujamaliza. Na Kifaransa."

Benoît aliwageukia wenzake.

"Unatuangalia nini?" alisema Thacienne. "Ingia."

"Delege hawezi kuvunja grève."

"Kwa ofisi hatujagoma hata siku moja. Utavunja nini, papa?"

Akaingia. Siku ya kwanza alifundisha vibaya, akisimama pale ambapo marehemu alizoea kusimama na kusahau alichotaka kusema. Ya pili ilikuwa afadhali. Alifundisha hata Jumapili baada ya misa.

Watoto walikuwa thelathini na wanne. Waliopita egzamen ni ishirini na mmoja. Wenzake walisema ni wengi, wakampa mkono. Mgomo wenyewe uliisha kwa ahadi.

Benoît alienda nyumba kwa nyumba kwa wale kumi na watatu walioanguka, akieleza kuwa kosa lilikuwa lake. Ya mwisho ilikuwa nyumba ya Nishimwe. Mama yake alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka wenye unakuya," aliuliza, "ni weye tena utamufundisha?"

Benoît hakujua kama ni ombi au ni woga. Akasema ndiyo.