Kundi O Halionekani

Kaka yake alimpigia simu kutoka nje ya chumba cha upasuaji.

"Dada, mtoto ametoka salama, lakini mama yake damu haikatiki."

"Mungu wangu, wifi!"

Mwenzake wa meza ya pili akatazama kompyuta yake. "Mbona wifi iko hewani?"

Dada mtu alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyeutengeneza mfumo wa kompyuta wa hospitali ile, na benki ya damu ilikuwa ghorofa ya chini ya ofisi yake.

Alimkuta mtaalamu wa maabara ameinamia kibodi. Friji haikuwa na chupa hata moja ya O hasi, kundi la damu la wifi. Ilibaki kuwatafuta wachangiaji na kuwaita.

"Kila nikibonyeza Tafuta, inaniambia hakuna taarifa," alisema mtaalamu.

Mfumo ulikuwa mpya, na kundi hilo lilikuwa halijatafutwa bado. Dada akajaribu A chanya, majina yakamiminika. Kumbe fomu haina hitilafu. Akarudi O hasi. Hakuna taarifa. Akaiacha fomu, akaingia kwenye kanzidata yenyewe na kuandika amri ileile kwa mkono. Patupu.

"Labda kadi zao hazikuingizwa," alisema.

"Ziliingizwa zote! Yule fundi cherehani wa sokoni ni O hasi, kila mara anakuja."

Akamtafuta fundi kwa jina. Huyo hapo, na kundi lake pembeni, wazi kabisa.

"Sasa kwa nini hutoki?" aliifokea skrini, machozi yakimlengalenga.

Kaka yake akatokea mlangoni. "Dada, daktari anauliza damu iko wapi."

"Nipe dakika."

"Hana dakika, dada."

Akanakili lile kundi kutoka kwenye mstari wa fundi, akalibandika kwenye amri yake. Majina yakashuka mpaka chini ya skrini. Akaitazama ile O tena. Ilikuwa nyembamba.

"Sifuri! Wamepiga sifuri badala ya herufi!"

Hapakuwa na muda wa kumlaumu mtu. Wakagawana namba. Wa kwanza hapatikani. Wa pili amehama mji. Wa tatu aling'ang'ania kuuliza nani kawapa namba yake. Fundi hakupokea, wakampigia tena.

"Nilikuwa kwenye mashine," alisema. "Nakuja."

Alikuja mbio, futi ya kupimia ingali shingoni. Nyuma yake wakaja wawili wengine.

Jioni wifi alitolewa akiwa hana rangi, lakini anapumua. Kaka mtu alijiegemeza ukutani, akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Dada alikuwa bado benki ya damu. Zile sifuri alikuwa amezibadilisha zote, na majina yalikuwa yakitoka kama kawaida. Hata hivyo alibonyeza Tafuta, akabonyeza tena, na tena, mpaka mtaalamu wa maabara akamwondoa mkono kwenye kibodi taratibu.