Simu Haikufiwa

Kwa miezi mitano simu ya Dufie ilikuwa na maiti usoni. Ukiiwasha tu, unakutana na Asiamah mumewe, shingo imebanwa na shati la sherehe, na juu ya kichwa maneno mekundu: AMEITWA NYUMBANI. Chini yake umri wake, mahali pa mazishi, na majina ya wapwa kumi na tisa. Lilikuwa bango lile lile lililobandikwa kwenye kila nguzo ya umeme pale mtaani Asafo. Ukoo wa marehemu ulikuwa umeagiza kila mtu aliweke kwenye simu yake, kwenye kioo na kwenye profaili. Wale wapwa waliliondoa baada ya wiki mbili, na hakuna aliyewauliza. Mjane akaambiwa ni mwaka mzima, sawasawa na nguo nyeusi.

Dufie hakubisha. Uchungu alikuwa nao. Alimpenda yule mwanamume, pamoja na uvivu wake wote wa kuosha sahani. Lakini Dufie ni mshonaji, na hapa Kumasi siku hizi mteja haji kwanza dukani kukagua mkono wako. Anakutazama kwenye simu. Sasa mama gani atampeleka binti yake anayeolewa kwa mshonaji ambaye, ukimtafuta, anakutokea marehemu? Mmoja alijaribu. Mama yake Nhyira alikuwa amekwisha kumchagulia binti yake mshono, hata siku ya kupima wakaipanga. Jumanne akatuma ujumbe: "Dada Dufie, nisamehe. Kila nikitaka kuliangalia gauni la mwanangu naona jeneza kwanza. Bibi yake amekataa katakata."

Dufie aliusoma mara mbili, akaweka mkasi chini. Hajapumua, simu ikaingiza ujumbe mwingine: "Umelipia mwezi mpya wa Ubashiri wa Mabingwa. Asante, Asiamah!"

"Ebo!" akasema peke yake.

Marehemu ndiye aliyeipanga simu ile tangu siku alipoinunua. Herufi ndogo kama ufuta, kwa kuwa macho yake yeye yalikuwa mazima. Ukurasa wa mbele mpira mtupu, kamera ya kupigia nguo picha imefukiwa ukurasa wa nne. Na akaunti ya kulipia mambo yote hayo ilikuwa ya Dufie. Miezi mitano sasa mtu aliye kaburini analipiwa kubashiri mechi, naye hata alipokuwa hai hakuwahi kupatia.

Akafunga mlango wa duka, akaketi na simu kama anavyoketi na gauni lililoharibiwa na fundi mwingine. Gauni la namna hiyo unalifumua kwanza, ndipo unashona. Alianza na herufi, akazikuza mpaka zikasomeka bila miwani. Ukurasa wa mbele akaacha vitu vinne: kamera, ujumbe, daftari la vipimo, na programu ya kuchora vipande vya nguo. Hii ya mwisho alikuwa akiitumia bure, na bure yake ilikuwa na masimango: michoro mitatu tu kwa mwezi, na kila mmoja umepigwa mhuri katikati ya kifua. Ubashiri wa Mabingwa nao ukamuuliza kama ana hakika anataka kuachana nao. Akabonyeza ndiyo. Ukambembeleza, ukampa wiki mbili za zawadi.

"Kabashiri huko mbele," akauambia, akabonyeza tena.

Alipofika kwenye mlio wa simu, kidole kilisimama. Kisha akaupita, akaendelea na mengine.

Bango ndilo lililokuwa la mwisho. Hakulifuta, alilihifadhi na picha nyingine za Asiamah. Mahali pake, kwenye kioo na kwenye profaili, akaweka gauni la kitambaa cha kente, la njano na kijani, alilomshonea bibi harusi mmoja wa Mampong, kiuno kimekamatwa vizuri mpaka raha.

Kesho yake, kabla ya saa sita, Birago akatokea mlangoni. Huyu ni dada yake Asiamah, muuza samaki wa kukaushwa, mwanamke ambaye sauti yake hufika kabla ya miguu. Simu ameinyanyua juu kama kitambulisho.

"Wifi, nimekuja na swali moja. Hii nini?"

"Hilo gauni, wifi. Karibu ukae."

"Sikai. Kaka yangu yuko wapi?"

"Kaka yako tulimzika wote. Ulikuwepo, ulilia mpaka ukanishinda mimi."

"Usinichezee, Dufie! Grupu la ukoo linachemka tangu alfajiri. Udongo haujakauka, mwenzetu umeshahamia kwenye njano!"

"Njano iko wapi? Hebu nitazame." Dufie akasimama. Kitambaa cha kichwa cheusi, nguo nyeusi, ndala nyeusi. "Hata gagulo ni jeusi, nikuonyeshe?"

Barazani, mama muuza wali na maharage akapaliwa na kicheko, akajifanya anakohoa.

"Simu hiyo alikununulia yeye," Birago akasema.

"Alininunulia, Mungu amlaze pema. Na mpira wake nimemlipia mimi mpaka juzi, yeye akiwa chini. Sikiliza, wifi. Aliyefiwa ni mimi. Mimi ndiye ninayeamka kitanda kikiwa kipana. Simu haikufiwa. Simu haikuolewa na kaka yako. Simu iko kazini, na watu wanaikimbia."

Birago akashusha sauti, na hapo ndipo Dufie alipoogopa, maana Birago akipiga kelele hana neno.

"Basi wazee wamesema hivi. Bango lirudi kabla ya Jumapili. Lisiporudi, mwaka ukitimia hatuji kukuvua hiyo nyeusi. Utazeeka nayo."

Halikuwa jambo la mzaha. Ukoo wa mume ndio unaokuja kumvua mjane, wakamwaga kinywaji chini, wakamvika nyeupe. Asiyevuliwa hubaki mkosi unaotembea, hata kanisani wanawake humwachia benchi peke yake. Dufie akaichukua simu mezani, na Birago, kuona hivyo, akaanza kutabasamu.

Akafungua programu yake ya michoro. Akabonyeza pa kulipia, akaandika namba ya siri, akangoja. Kisha akamgeuzia wifi yake kioo: kipande cha kifua cha gauni, cheupe, safi, hakina mhuri.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kazi yangu. Nimeilipia mwaka mzima, wifi. Mwaka huo huo mnaouzungumza ninyi." Akashika upindo wa nguo yake nyeusi. "Na nguo hii niliikata mwenyewe, nikaishona mwenyewe, machozi yakinidondokea kwenye sindano. Najua kila uzi unapoanzia. Mkija kunivua, karibuni sana, nitawapikia. Msipokuja, mkasi ninao."

Birago akaishusha simu yake. Akageuka kuondoka.

Mguu mmoja ulikuwa umeshafika kwenye ngazi simu ilipolia. Haikulia kwa muziki. Ulikuwa mluzi wa mtu, umepinda kidogo kwenye noti ya tatu, mluzi ambao Asiamah aliupiga kila jioni akiingia uani ili chakula kitengwe.

Birago akasimama pale pale. Alipogeuka, uso wote ulikuwa umemlegea.

"Huyo ni yeye."

"Ni yeye. Alijirekodi mwenyewe."

"Umetoa kila kitu. Mbona huu hukuutoa?"

"Huu hakuna aliyeniagiza niuweke."

Mluzi ukaendelea. Dufie aliuacha uzunguke mara moja zaidi, kwa ajili ya wifi yake, kisha akapokea.

"Haloo, Dufie hapa, mshonaji. Ndiyo, mama, ya harusi nashona."