Mara Tatu kwa Mwiko

Kwenye majengo yetu ya serikali, kuta zilikuwa nyembamba: ukipiga chafya, jirani anakuombea afya. Tuliitana kwa kugonga ukuta na mwiko. Mara moja, naomba chumvi. Mara mbili, njoo nikupe umbea. Mara tatu, acha kila kitu uje.

Mimi ni msusi. Nilipakana na shoga yangu, fundi cherehani, aliyeishi na bintiye mdogo na mama yake mzazi. Huyo mama tulimwita Bibi Redio, maana hakuna habari iliyompita.

Mtoto alikuwa na pumu, na unyevu wa kuta zile ulimkaba. Ofisi ya nyumba ilipowahamishia mtaa wa wakubwa, tulipiga vigelegele. Bibi ndiye aliyenuna.

"Huko nitamsema nani? Simjui mtu hata mmoja!"

"Wiki mbili tu, mama, utakuwa umeshawajua mpaka madeni yao," fundi akamtania.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeutia mwiko wake kapuni. "Nenda nao, Bibi. Ukizidiwa, gonga."

Miezi minne baadaye mtoto alikuwa anakimbia mbio na wenzake shuleni. Kifua safi! Fundi alinipigia simu akicheka na kulia.

Kisha Jumanne moja mchana akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja chumbani kwangu. Nilidhani amekuja kusuka. Akanipa karatasi aliyoikuta chini ya mlango siku ile aliporudi kutoka kazini. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma:

"Jirani mpendwa, tafadhali punguzeni kugonga ukuta mchana. Asante."

Ndani alimkuta Bibi sakafuni, kando ya ukuta, mwiko mkononi. Rangi ya ukuta imechubuka.

"Jirani si mtu mbaya," fundi alisema. "Msibani ulimwona, alilia kuliko mimi. Alidhani tunatundika picha."

Nikaisoma ile karatasi mara ya pili.

"Shoga, niambie ukweli. Hapa mngemuwahi?"

"Hapana," nikasema. "Moyo ukigoma umegoma. Hata sisi tungechelewa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayetaka kuamini. Nikashika kitana nimchambue nywele.

Ukuta ukagongwa. Mara moja tu, mpangaji mpya anaomba chumvi.

Kabla mlio haujaisha, sote wawili tulikuwa tumeshasimama.